Misukule ya kwenye kompyuta na Marburg ya Biharamulo: gemu linatufundisha nini?

Hivi mnajua kwamba kuna ugonjwa ambao haujawahi kumuua binadamu hata mmoja, lakini wanasayansi wamekaa chini wakauandikia makala katika jarida la tiba la Lancet Infectious Diseases? Ugonjwa wenyewe ulizuka mwaka 2005 ndani ya gemu la kompyuta. Miaka mitatu baadaye kampuni yenye gemu hilo ikazusha tauni nyingine, safari hii kwa makusudi, ili kuipigia debe bidhaa yake mpya.

Najua wengine mmeshaanza kuguna. Sisi wa Biharamulo na Ngara yanatuhusu nini mambo ya magemu ya Wazungu? Yanatuhusu, wadau. Mwaka 2025 wilaya yetu ya Biharamulo ilitajwa dunia nzima kwa sababu ya Marburg, na mambo niliyoyaona mtaani wakati ule yalifanana mno na yale niliyokuwa nimeyasoma kuhusu gemu hili. Kwa hiyo leo naomba tuelekezane taratibu. Kwanza gemu lenyewe, halafu hiyo inayoitwa nyongeza, halafu tauni zake mbili, kisha tuje nyumbani.

GEMU LENYEWE

Linaitwa World of Warcraft. Lilitengenezwa na kampuni ya Blizzard Entertainment ya California, Marekani, likaanza kuuzwa Novemba 2004. Siyo gemu la kukaa peke yako na kompyuta yako. Unaingia kwa intaneti kwenye dunia ya kufikirika iitwayo Azeroth, yenye miji, misitu, bahari, majitu na wachawi, na humo unakutana na maelfu ya watu wengine ambao nao wamekaa mbele ya kompyuta zao, mmoja Ujerumani, mwingine Korea, mwingine Brazil.

Unachagua mhusika wako: mpiganaji, mwindaji, mganga wa kuponya, mchawi. Unaanza levo ya kwanza ukiwa dhaifu kiasi kwamba hata nguruwe pori anakutoa jasho. Ukiua wanyama na kumaliza kazi unazopewa, unapanda levo moja baada ya nyingine. Mjini kuna soko la mnada, kuna benki, kuna mafundi. Watu wanaunda vikundi, wanagombana, wanapatana, na wapo waliooana baada ya kukutana humo. Ni kama mji wa kweli, tofauti ni kwamba ukifa unafufuka. Hilo la kufufuka naomba ulishike, tutalirudia.

Mchezaji analipa ada kila mwezi, kwa Marekani ni kama dola 15. Mwaka 2010 waliokuwa wanalipia walifika milioni 12.

Huku kwetu wachezaji wa gemu hili ni wa kutafuta kwa tochi. Linataka kompyuta yenye nguvu, umeme usiokatika, intaneti ya haraka na njia ya kulipa nje ya nchi kila mwezi. Vijana wetu wengi wanacheza mpira kwenye simu au wanakwenda kwenye vibanda vya plestesheni. Lakini hoja yangu leo haihitaji uwe umelicheza.

NYONGEZA NI NINI?

Gemu la namna hii halina mwisho. Tatizo ni kwamba watu wakishafika levo ya juu kabisa na wakaua kila jitu lililopo, wanachoka, na mtu akichoka anaacha kulipa. Kampuni ina dawa mbili za kuzuia hilo.

Dawa ya kwanza ni kiraka, yaani marekebisho yanayokuja bure kwa mtandao. Kinaziba matundu na mara nyingine kinaleta sehemu mpya ndogo ya kuchezea. Dawa ya pili ndiyo nyongeza, na hiyo unainunua. Chukulia una nyumba ya vyumba vitatu. Kiraka ni fundi anayekuja kuziba bati linalovuja, na akiwa na moyo mzuri anakuwekea na baraza. Nyongeza ni kujengewa upande mzima mpya wenye sebule na uani. Unaulipia, unahamia, na ule upande wa zamani unabaki na buibui wake. Hata upanga uliohangaika miezi 6 kuupata unageuka chuma chakavu, kwa sababu huko kupya panga la kawaida kabisa lina nguvu kuliko hilo lako.

Nyongeza ya kwanza ilitoka Januari 2007, ikapandisha levo ya mwisho kutoka 60 hadi 70. Ya pili, ambayo ndiyo tunayoizungumzia leo, ilitoka tarehe 13 Novemba 2008 na inaitwa Wrath of the Lich King, tuseme ghadhabu ya mfalme wa wafu. Levo ya mwisho ikawa 80, likaongezwa bara zima la barafu liitwalo Northrend, na ndani ya saa 24 za kwanza ziliuzwa nakala milioni 2.8. Tangu hapo wameendelea kutoa nyingine, na ya 10 ilitoka Agosti 2024.

Sasa huyo mfalme wa wafu ni nani? Zamani alikuwa mwana wa mfalme, kijana wa watu, jina lake Arthas. Nchi yake iliingiliwa na tauni iliyosambazwa ndani ya nafaka. Aliyekula mkate wa nafaka hiyo alikufa, kisha akaamka akiwa msukule anayetumikishwa na adui. Arthas alipofika mji wa Stratholme akakuta nafaka imeshagawiwa watu. Badala ya kutafuta nani mzima na nani mgonjwa, akaamuru wenyeji wauawe wote kabla hawajageuka. Kuanzia hapo akaporomoka, mpaka mwisho akawa yeye ndiye mfalme wa misukule. Ndani ya nyongeza ya 2008 kuna sehemu ambapo mchezaji anarudishwa nyuma hadi siku ile ya Stratholme, na anashiriki.

Kwa hiyo hadithi nzima ni ya tauni, hofu, na kiongozi aliyewaona wagonjwa wake kuwa maadui. Msomaji wa Kagera haoni kitu kigeni hapo, hata habari za misukule tunazo zetu.

TAUNI YA BAHATI MBAYA, 2005

Kabla hata ya nyongeza ya kwanza, Septemba 2005 kilitoka kiraka kilicholeta hekalu jipya msituni. Ndani yake alikaa Hakkar, mungu wa damu mwenye umbo la nyoka wa mabawa. Kumpiga kulihitaji watu 20. Katika mapambano alikuwa anawarushia wachezaji ugonjwa ulioitwa damu chafu. Ugonjwa huo ulimla mtu kila baada ya sekunde chache na kumrukia aliyesimama karibu naye. Watengenezaji walipanga kwamba uishie mle mle hekaluni.

Haukuishia mle. Wawindaji katika gemu wana wanyama wao wa kufuga, na mnyama anaweza kufichwa kwa muda kisha akaitwa tena. Mnyama alipata ugonjwa hekaluni, akafichwa akiwa nao, mwenyewe akarudi mjini, akamwita mnyama katikati ya watu. Kazi ikaisha hapo. Kwa mchezaji wa levo 60 ilikuwa maumivu tu, lakini wa levo za chini walidondoka papo hapo. Zaidi ya hapo, wale wauza duka na walinzi wanaoendeshwa na kompyuta waliupata ugonjwa bila kufa. Wakawa wanamwambukiza kila mteja, huku wenyewe wamesimama vile vile. Miji mikubwa ikajaa mifupa.

Kilichowavutia wanasayansi ni watu kuliko ugonjwa. Waganga wa levo za juu walikimbilia mjini kuponya wengine. Walikuwepo waliosimama kwenye barabara za kuingilia mji kuwaonya wageni. Wengi walikimbilia mashambani, na baadhi yao wakaenda na ugonjwa. Wengine walikuja mjini makusudi, kushangaa tu, wakaambukizwa na kuondoka nao. Na hawakukosekana waliousambaza kwa kusudi, kwa raha zao. Kampuni ilijaribu kuwatenga wagonjwa, watu hawakutii. Mwishowe ilibidi wazime seva na kuziwasha upya, na kurekebisha programu ili mnyama asiweze tena kutoka na ugonjwa.

Mwaka 2007 watafiti wa magonjwa ya mlipuko Eric Lofgren na Nina Fefferman wakaandika makala ile niliyoitaja mwanzo. Hoja yao ni kwamba hesabu za kompyuta zinaweza kukadiria virusi vinavyosambaa, lakini ni vigumu sana kukadiria binadamu atafanya nini akiogopa. Gemu lenye watu halisi linaweza kuwaonyesha hilo.

TAUNI YA MAKUSUDI, 2008

Oktoba 2008, wiki chache kabla ya Wrath of the Lich King kutoka, Blizzard wakaamua kuleta tauni ya misukule wenyewe. Ilianzia kwenye makasha ya nafaka yaliyoonekana katika mji wa bandari. Aliyeyagusa aliugua, na baada ya muda akageuka msukule. Akishageuka, anaweza kuwashambulia wengine na kuwaambukiza.

Angalieni muda. Siku za mwanzo mgonjwa alikuwa na kama dakika 10 kabla ya kugeuka, na waganga waliweza kumsafisha. Mtu alikuwa na nafasi ya kukimbilia tiba. Kadiri siku zilivyokwenda muda ukafupishwa, hadi mtu anageuka kabla mganga hajamfikia. Siku za mwisho miji ilikuwa ya misukule, soko halifanyi kazi, usafiri hakuna. Wachezaji wakagawanyika. Wapo waliosema hii ndiyo burudani ya karne, na wapo waliokasirika kwa sababu wamelipa ada yao na hawawezi hata kuuza mkungu wa ndizi. Kabla ya mwisho wa mwezi huo kampuni ikaleta tiba na kuifunga tauni.

TUJE NYUMBANI

Marburg siyo ugonjwa mpya. Uligunduliwa mwaka 1967 huko Ujerumani na Belgrade, baada ya wafanyakazi wa maabara kuambukizwa na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Virusi vyake hukaa kwa popo wala matunda wanaoishi mapangoni na migodini. Popo haugui, anatunza tu. Mtu akishaambukizwa, ugonjwa unapita kwa wengine kupitia damu na majimaji ya mwili: matapishi, kuhara, jasho, na maiti pia. Dalili hutokea kati ya siku 2 na 21. Mwanzo ni homa kali ya ghafla, kichwa na maumivu ya mwili, kwa hiyo huku kwetu kila mtu anadhani ni malaria. Mkoa wa Kagera uliupata mara ya kwanza Machi 2023, wilaya ya Bukoba, watu 6 wakafariki.

Septemba 2024 ukatangazwa Rwanda, ng'ambo ya daraja la Rusumo, mlangoni kwa Ngara. Wagonjwa walifika 66, wengi wao wahudumu wa afya, na 15 wakafariki. Desemba 20 Rwanda ikatangaza kwamba umekwisha. Wakati huo huo Biharamulo mtu wa kwanza alikuwa ameshaanza kuugua, na hakuna aliyejua.

Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa taarifa ya wagonjwa 9 wanaoshukiwa, 8 wakiwa wameshafariki. Wizara ya Afya ikasema sampuli zilizopimwa hazijaonyesha virusi. Tarehe 20 Januari, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa Dodoma pamoja na mkurugenzi mkuu wa shirika hilo, Tedros Ghebreyesus, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Mwisho wa hesabu walikuwa 10: wawili waliothibitishwa maabara na 8 waliohesabiwa kuwa yumkini walikuwa nao. Wote 10 walifariki, 8 kati yao kabla ugonjwa haujathibitishwa. Machi 13, 2025, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, ukatangazwa kwisha.

Zile siku 6 katikati, kati ya taarifa moja na nyingine, mimi nilikuwa Biharamulo mjini. Kila kona ina habari yake. Huyu anasema ni uchawi, kuna familia imerogwa. Yule anasema ni sumu. Mwingine anasema ni siasa tu, hakuna kitu. Kwenye simu zinapita sauti za mtu asiyejulikana anayejiita daktari. Stendi kuna watu wanapakia mizigo kwenda kwa ndugu zao. Na wapo waliokuja kuulizia nyumba za waliofariki ziko wapi, eti waone. Nikakumbuka wale wa 2005 waliokuja mjini kushangaa mifupa.

Baada ya kutangazwa, nikasafiri kikazi mkoa mwingine. Nimeshapewa chumba gesti, mhudumu akaangalia nilipoandika natokea, akaniomba kwa adabu nichukue begi langu. Gesti siitaji. Sikuwa na homa, sikuwa nimemgusa mgonjwa yeyote. Kwa yule dada mimi nilikuwa mtu wa Stratholme: nimetoka mji wenye nafaka mbaya, basi nimeshageuka.

PANAPOFANANA NA PASIPOFANANA

Tulinganishe sasa, na tusichanganye mambo.

Mnyama wa mwindaji ni popo wetu. Yule asiyeugua ndiye anayebeba. Kumchukia popo hakusaidii, na kwenda kumchokonoa pangoni ni kujitafutia. Anayeingia pangoni au kwenye shimo la mgodi kwa kazi ajue anaingia nyumba ya nani.

Waganga waliokimbilia mjini kuponya ni wauguzi wetu. Ndani ya gemu mganga akifa anafufuka, anasema duh, anaendelea. Rwanda mwaka 2024 wengi waliougua ni wao, na hapakuwa na kufufuka. Ndiyo maana glavu na mavazi ya kujikinga katika zahanati ya kijiji ni kama ngao ya askari.

Njia panda ni njia panda. Ugonjwa wa 2005 ulienda mbali kwa sababu watu wa levo za juu waliweza kuhama mji kwa sekunde. Sisi tuna Nyakanazi na Lusahunga, malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yanapita usiku na mchana, na mabasi ya Kigoma, Mwanza na Dar. Anayeugua Biharamulo asubuhi anaweza kulala Kahama. Wazee wa Ngara wanakumbuka Aprili 1994, watu kama 250,000 walipovuka Rusumo ndani ya muda wa siku moja hivi na Benaco ikageuka jiji la turubai. Hatuhitaji gemu kutueleza kwamba barabara inabeba kila kitu.

Tofauti nazo zipo, na ni kubwa. Kwenye gemu mwuza duka mzima kabisa anakuambukiza. Marburg haiko hivyo, mtu asiye na dalili hakuambukizi. Kwa hiyo kumfukuza msafiri mzima gesti hakumlindi mtu. Kunachofanya ni kumfundisha msafiri wa kesho adanganye anakotoka, na anayefuatilia waliokutana na mgonjwa atapotea njia.

Tofauti ya pili ni maiti. Mifupa ya Azeroth haiambukizi. Maiti ya Marburg inaambukiza, tena sana. Kwetu kumwosha marehemu ni heshima ya mwisho, na kumwambia mama asimguse mwanae ni kumwomba jambo zito kupita kiasi. Lakini ndivyo ugonjwa huu unavyohama kutoka msiba mmoja kwenda mwingine.

Ya tatu ni ule muda wa dakika 10. Sisi tunao pia, tena kwa siku. Rwanda walifariki 15 kati ya 66, kwa sababu wagonjwa wengi waligundulika, wakawekewa dripu na kupewa dawa za majaribio mapema. Kwetu walifariki 10 kati ya 10. Sisemi kwamba hao 10 walizembea. Wengi wao walikufa ugonjwa ukiwa haujapewa jina. Ninachosema ni kwamba jina likichelewa, dirisha linafungwa. Homa isiyosikia dawa ya malaria, katika mkoa huu, ni sababu ya kurudi zahanati siku hiyo hiyo, na ya mhudumu kuuliza: umeuguza nani, umezika nani? Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199.

Ya nne ndiyo inayonikaa kichwani. Mwaka 2005 kampuni iliposhindwa kabisa, ilizima seva na kuwasha upya, na kila mtu akaamka mzima. Watu walicheza na ugonjwa kwa sababu moyoni walijua kitufe kipo. Biharamulo hakuna kitufe. Kilichomaliza ugonjwa wetu ni watu waliotembea nyumba kwa nyumba na daftari, wakahesabu siku 21 za kila aliyemgusa mgonjwa, na familia zilizokubali kufunguliwa mlango zikaeleza ukweli.

Wanasayansi walitaka kujua binadamu akiogopa atafanya nini. Sisi tunaweza kuwajibu bila kompyuta. Wewe uliyekuwa Biharamulo, Nyakanazi au Ngara Januari ile, uliona nini? Andika, hasa wewe uliyekuwa kwenye zile siku 21 za kuhesabiwa. Yakirudi tena, nasi tunajua popo hawajahama, hayo ndiyo yatakayotusaidia.